Mkeka wa barafuni: utetezi wa mtabiri aliyepika pilau

Haya niliyasema Desemba 2025 kwenye kikao chetu cha kufunga mwaka, Scarborough, mashariki mwa Toronto. Waliozuiwa na theluji na waliokuwa zamu wameomba niyaweke yote, nami nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha, maana hata siku ile hakuna aliyeitazama.

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyie vijana mliojibanza kule nyuma karibu na sambusa, hamjambo?

Mwenyekiti amenitambulisha kwa heshima, amesema nitatoa mada. Mada gani? Hii ni kesi, na mshtakiwa ni mimi. Kila mwaka, Aprili ikifika na mtoano wa ligi ya hoki ya barafu, NHL, ukikaribia, sisi hapa tunajaza karatasi zetu za utabiri. Wa mwisho anapikia wote pilau. Mimi ndiye mwenye daftari. Mimi ndiye ninayekesha na takwimu, ninayejua kipa gani ana umri gani na kocha gani kafukuzwa wapi. Na mwaka huu, nani kapika pilau?

(Kicheko. Sauti: "Na iliungua!")

Iliungua chini, ule ni ukoko, na wapo waliougombania. Lakini kilichoniuma si pilau. Kilichoniuma ni nani aliyeshika nafasi ya kwanza. Yuko hapa mstari wa mbele, simtaji jina, mnamwona anavyotabasamu na kitenge chake. Bibi yetu huyu hajui kuotea ni nini. Yeye anachagua kwa wanyama. Mwaka 2023 nilimuuliza, "Bibi, kwa nini umeweka Florida Panthers wamtoe Boston Bruins?" Akanijibu, "Mwanangu, huyu si chui na yule si dubu? Mwezi wa nne dubu ndiyo kwanza ameamka usingizini. Ana njaa, hana nguvu." Nikacheka. Mwenye ujuzi wa wanyama angemwambia kwamba yule wa Florida si chui hasa, lakini nani wa kubishana na bibi?

Naomba tuanzie hapo hapo, kwa dubu na chui, maana mtu akiielewa mechi ile moja, mengine yote nitakayosema ni nyongeza tu.

Boston wa msimu wa 2022/23 hawakuwa timu nzuri ya kawaida. Walishinda mechi 65 kati ya 82 na kukusanya pointi 135. Tangu ligi hii ianze, hakuna aliyewahi kufika hapo. Florida waliponea tundu la sindano, nafasi ya mwisho ya kufuzu upande wa mashariki, pointi 92. Tofauti pointi 43! Na mtoano wa NHL si mechi moja ya kubahatisha. Timu mbili zinakutana hadi mara saba, wa kwanza kufikisha ushindi wa nne ndiye anayesonga. Boston wakaongoza tatu kwa moja. Walibakiza mechi moja tu, na nafasi tatu za kuipata.

Mechi ya tano, Boston, mambo yako sare, saa inahesabu sekunde za mwisho kabisa. Brad Marchand wa Boston anachomoka peke yake, yeye na kipa wa Florida, Sergei Bobrovsky. Mnaujua ule ukimya wa ukumbi mzima watu wanapovuta pumzi pamoja? Bobrovsky akaokoa. Muda wa nyongeza Florida wakafunga. Mechi ya sita ikaisha 7-5, Florida tena. Ya saba, Boston wanaongoza 3-2, imebaki dakika moja, Brandon Montour anasawazisha. Nyongeza, Carter Verhaeghe, goli. Mfalme wa msimu yuko nje raundi ya kwanza.

Siku ile nilikuwa sebuleni kwangu na karatasi mkononi. Nilikuwa nimeandika Boston si mshindi wa mfululizo ule tu, bali bingwa wa mtoano mzima, mbeba Kombe la Stanley. Mkeka ukachanika Aprili haijaisha.

Sasa swali langu kwenu: nilikosea nini?

(Sauti: "Ulimdharau chui!")

Haya. Tupige hesabu pamoja. Tuseme Boston walikuwa bora kiasi kwamba kila wakikutana na Florida wana nafasi 65 kati ya 100 za kushinda. Kwa hoki hiyo ni nafasi kubwa mno, timu za kawaida hazipati. Ukiipeleka kwenye mfululizo wa mechi saba, Boston wanapita mara 80 kati ya 100. Themanini! Nani hapa asingeweka karatasi yake hapo? Lakini zile 20 zilizobaki ni moja kati ya tano. Kina mama, mkipewa mayai matano na mkaambiwa moja ni viza, nani kati yenu atafumba macho, achukue moja na kulipasulia moja kwa moja kwenye bakuli la maandazi? Hakuna. Mnapasulia kwanza kwenye kikombe. Moja kati ya tano mnaiogopa mkiwa jikoni, ila kwenye karatasi ya hoki tunaiita muujiza.

Na hao walikuwa Boston wa pointi 135. Mara nyingi mtoano unawakutanisha walio karibu mno kuliko hapo. Tangu 2005 ligi ina ukomo wa mishahara: tajiri hawezi kununua kila nyota kama tunavyozoea kuona kwenye soka la Ulaya. Timu zimebanana. Mwenye nafasi 55 kati ya 100 kwa mechi moja ni bora kweli, hakuna ubishi. Kwenye mfululizo wa mechi saba anapita mara 61 tu. Mechi saba zote hizo, wiki mbili za kukosa usingizi, zimemwongezea sita.

Raundi ya kwanza ina mifululizo minane. Ukiwa unapatia asilimia 61 kila mmoja, kupatia yote minane ni kama mara moja kila miaka hamsini. Na hesabu hiyo hiyo inasema katika minane, vigogo watatu hivi wataanguka. Kila mwaka, watatu hivi. Tunajua wataanguka, hatujui ni akina nani. Ndiyo maana mtu akiniambia "mwaka huu mtoano umejaa maajabu" huwa namuuliza: ni mwaka gani haukujaa? Mwaka 2019 vinara wote wanne wa makundi walitolewa raundi ya kwanza: Tampa Bay, Washington, Nashville na Calgary. Wote wanne! Wakipigwa na timu nne zilizofuzu kwa mlango wa nyuma.

Nikae hapo kwa Tampa Bay kidogo. Walishinda mechi 62, rekodi iliyokuwepo wakati huo waliifikia. Wakakutana na Columbus, timu ambayo katika historia yake haikuwahi kushinda mfululizo hata mmoja. Mechi ya kwanza, baada ya kipindi cha kwanza, Tampa wanaongoza 3-0. Wakalala 4-3. Wakalala mechi zote nne, mikono mitupu. Mjini kwao kila mtu alitaka kocha afukuzwe na kikosi kivunjwe. Uongozi ukakataa. Kocha Jon Cooper akabaki, na wachezaji wale wale wakuu.

Mwaka uliofuata, wakati wa ugonjwa wa Korona, timu za mashariki zilifungiwa hapa hapa Toronto, viti vitupu. Raundi ya kwanza, nani na nani? Tampa na Columbus tena. Mechi ya kwanza sare 2-2, ikaingia nyongeza. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, ya nne. Kipa wa Columbus, Joonas Korpisalo, aliokoa mashuti 85 siku ile. Themanini na tano! Nyongeza ya tano Brayden Point akafunga. Tampa wakashinda mfululizo nne kwa moja, wakabeba kombe, na mwaka 2021 wakalibeba tena. Niambieni, wale wa 2019 walikuwa timu mbovu? Walikuwa timu ile ile. Walikuta yai viza.

(Makofi.)

Jambo la kipa sasa, na hapa nitawachosha kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Katika hoki, timu hupokea mashuti kama 30 kwa mechi. Kipa wa kawaida anaokoa 90 katika kila mia, kwa hiyo anaruhusu magoli matatu. Kipa aliyewaka moto anaokoa 93, anaruhusu mawili na kidogo. Tofauti karibu goli zima kila mechi, katika mchezo ambao mechi nyingi zinaamuliwa na goli moja. Soka haina mtu wa namna hii. Basi mtu atasema: mtabiri, kazi imeisha, angalia makipa uende kulala.

Laiti ingekuwa hivyo. Mfululizo mrefu wa mechi saba unampa kipa mashuti 200 na ushei. Kwa idadi ndogo hiyo, kipa wa 90 anaweza kuonekana wa 92 kwa bahati tupu, na mwingine wa 92 akaonekana wa 90. Kipa ndiye anayeamua, lakini huwezi kujua mapema kipa yupi. Mtego wa hoki uko hapo.

Mwaka 2010 Montreal, waliofuzu wa nane na wa mwisho upande wa mashariki, waliwatoa Washington waliokuwa na pointi 121, na Montreal ndio waliokuwa nyuma tatu kwa moja. Mechi ya sita kipa Jaroslav Halak aliokoa mashuti 53. Alikuwa shujaa wa mji. Kiangazi kile kile Montreal wakampeleka St. Louis na kumbakiza kijana Carey Price. Waajiri wake mwenyewe, waliomwona kila siku mazoezini, hawakuamini kwamba moto ule ungewaka tena. Mimi na daftari langu ni nani?

Na Bobrovsky, huyu aliyemzuia Marchand? Mnajua 2019 alikuwa amesimama lango gani? La Columbus, walipowafagia Tampa. Timu mbili bora za enzi yetu zimetolewa raundi ya kwanza, na kipa ni yule yule mmoja. Nilipoliona hilo nilijisemea nimepata ufunguo. Halafu nikarudi nyuma. Kabla ya 2019 alikuwa ameshapata tuzo mbili za kipa bora wa ligi, na Columbus haikuvuka raundi. Na ule mfululizo wa 2023 dhidi ya Boston aliuanza akiwa kwenye benchi! Mechi za mwanzo alidaka Alex Lyon. Kwa hiyo hata kocha wa Florida, mwenye Bobrovsky mkononi, hakujua kwamba ana Bobrovsky. Akaja kubeba kombe 2024 na 2025. Na Marchand aliyenyimwa lile goli? Machi 2025 Boston wakamhamishia Florida, Juni akalinyanyua kombe pamoja na huyo huyo aliyemnyima. Hoki ina vituko.

Lakini sitaki muondoke mkidhani kila kitu ni bahati na daftari langu nilitupe jalalani. Yapo ya kuangalia, na mengi hayako kwenye msimamo wa ligi.

Msimamo unadanganya kwa sababu moja ya wazi: hauchezwi kwa sheria za mtoano. Kwenye msimu wa kawaida mechi ikiwa sare wanacheza nyongeza watatu kwa watatu, wakishindwana wanapiga matuta, na aliyepoteza anaondoka na pointi moja mfukoni. Mtoano hauna matuta. Wanacheza watano kwa watano, vipindi vya dakika 20, mpaka mtu afunge, hata iwe saa nane za usiku. Timu iliyojijenga kwa matuta inafika Aprili kama mwanafunzi aliyekariri mtihani wa mwaka jana.

Mimi naangalia mashuti. Wapo wanaohesabu kila shuti linaloelekea golini, lililolenga, lililopita pembeni, lililozuiwa, kisha wanalinganisha timu ipi inapiga zaidi. Kipimo hicho kinaitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi aliyekuwa kocha wa makipa. Magoli ni machache, yanadanganya. Mashuti ni mengi, hayadanganyi haraka hivyo.

Los Angeles Kings wa 2012 walifuzu wakiwa wa nane magharibi. Kwa magoli walikuwa maskini wa ligi. Kwa mashuti walikuwa matajiri: kisahani, ndicho mpira wa hoki, kilikuwa kwao muda wote, basi tu hakiingii. Desemba wakabadilisha kocha, Februari wakamleta Jeff Carter, na kikaanza kuingia. Kwenye mtoano waliongoza tatu kwa sifuri katika mifululizo yote minne. Hakuna timu ya nane iliyowahi kubeba kombe kabla yao. Aliyesoma msimamo aliona muujiza. Aliyesoma mashuti ya kuanzia Februari alikuwa na sababu ya kuwaza mara mbili.

St. Louis nao, asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019, walikuwa wa mwisho katika ligi nzima. Wa mwisho! Siku chache baadaye wakamweka golini kipa ambaye hakuwahi kuanza mechi ya ligi hiyo, Jordan Binnington, na Juni wakabeba kombe ugenini Boston, mechi ya saba. Kocha wao Craig Berube ni huyu huyu aliyekuja kwetu Toronto 2024. Kwa hiyo msimamo wa Oktoba mpaka Desemba mimi siku hizi nausoma kama gazeti la kufungia vitumbua.

Majeruhi nayasema upesi. Timu hazitoi siri. Utaambiwa "ameumia sehemu ya juu ya mwili", basi. Juu wapi? Patrice Bergeron wa Boston fainali ya 2013 alicheza akiwa na mbavu iliyovunjika, bega lililochomoka na tundu kwenye pafu. Sehemu ya juu ya mwili, naam.

Na moyo je? Hapa ndipo nilipopikia pilau. Mei mwaka huu Toronto Maple Leafs, timu yetu yenye jani kifuani, waliwaongoza Florida mbili kwa sifuri. Mimi ninayewahubiria hesabu nikaona majani ya mpapai yanacheza upepo wa Tanga. Nikafuta Florida kwa wino mzito, nikaandika Toronto. Mfululizo ukafika mechi ya saba, nyumbani kwetu, wakatufunga 6-1. Mechi ya tano pia, nyumbani, 6-1. Mji huu haujaliona kombe tangu 1967, na nilikuwepo 2013 tulipoongoza 4-1 kule Boston kipindi cha mwisho, na nikajifanya nimesahau. Mkitaka ushahidi, daftari ninalo: ukurasa ule nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

(Kicheko.)

Vijana wangu wa nyuma, najua mnasema mzee kapotea, hoki si yetu. Nairobi kule Barabara ya Mombasa, kwenye barafu ya hoteli ya Panari, kuna timu inaitwa Ice Lions, na 2018 walikuja Kanada wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Simba, bibi. Ukiwakuta siku moja kwenye karatasi, najua utaandika nini.

Namalizia na pendekezo, na mwenyekiti ameshaniruhusu. Kuanzia Aprili tusiandike jina la timu peke yake. Kila mtu aandike na asilimia. Ukiandika timu 80 na ikashinda, umekosea kwa 20. Ikipoteza, umekosea kwa 80. Kosa tunalizidisha kwa lenyewe: 20 mara 20 ni 400, 80 mara 80 ni 6,400. Anayejifanya mungu akaandika 100 kisha akakosea, anabeba 10,000 kichwani. Mifululizo ni 15, tunajumlisha, mwenye jumla ndogo ndiye bingwa, mwenye kubwa anunue mchele. Mvivu anayeandika 50 kila mahali atapata 2,500 kila mfululizo, na niwaambie ukweli ambao watu wa kampuni za kubeti hawawaambii: bingwa wa takwimu, akijitahidi mwaka mzima, atamzidi mvivu huyo kidogo sana. Kidogo sana. Anayewauzia "mikeka ya uhakika" kwenye simu zenu kila asubuhi anakula nauli yenu.

Karatasi za mfano ziko mlangoni na kalamu zimefungwa kwa uzi, maana mwaka jana zilitembea. Maswali?

Swali lilikuwa moja tu. Bibi aliinua mkono akauliza, "Chui wangu nimwandikie ngapi?" Nikamweleza kwamba nahodha wao, Aleksander Barkov, aliumia goti tangu Septemba, kwamba Aprili bado mbali, kwamba hata hatujui kama watafuzu, na kwamba kwa ushauri wangu aanzie 50 akishuka.

Akachukua kalamu akaandika 90, kisha akaniuliza kama pilau ya mwakani itakuwa ya kuku au ya mbuzi.